Zinki Kama Mjumbe wa Seli: Namna ya Kulifundisha Somo Hili Katika Skuli za Pemba

Makala haya yamekusudiwa kumsaidia mwalimu wa Biolojia wa skuli ya sekondari kufundisha jambo ambalo vitabu vingi vya wanafunzi hulipita kwa sentensi moja, kama hulitaja. Jambo lenyewe ni kwamba zinki, mbali na kuwa madini ya lishe, ni mojawapo ya wajumbe wa seli: kwa kupanda na kushuka kwa kiasi chake, sehemu moja ya seli huiarifu sehemu nyingine, na seli moja huiarifu jirani yake.

Mwanafunzi wetu hukutana na zinki katika orodha. Huelezwa kwamba madini ya lishe ni kalsiamu, chuma, iodini, zinki na mengineyo; kila moja hupewa mstari mmoja wa kazi yake na mstari mmoja wa maradhi ya upungufu wake; naye huikariri orodha hiyo mpaka siku ya mtihani. Miezi kadhaa baadaye hufundishwa uratibu wa mwili, yaani habari za neva na homoni, kana kwamba hiyo ni nchi nyingine isiyopakana na ile ya lishe. Orodha si kitu kibaya, lakini humwachia mwanafunzi fikra moja yenye madhara, nayo ni kwamba madini ni kama saruji: ukiongeza, nyumba huwa imara zaidi. Hapa Pemba fikra hiyo si kosa la mtihani tu. Katika kisiwa hiki, kuanzia mwaka 2002, maelfu ya watoto wadogo walipewa chuma na zinki katika utafiti ambao matokeo yake yalibadilisha ushauri unaotolewa duniani kote kuhusu kuwapa watoto madini. Mwalimu hawezi kuyafafanua matokeo hayo kwa mwanafunzi anayeamini kwamba madini ni saruji.

Kuanza kwa vitu vinavyojulikana

Somo lianze kwa swali: zinki mmeiona wapi? Wanafunzi wa mjini na wa shamba watakuwa na majibu. Mabati ya kuezekea hupakwa zinki ili yasishikwe na kutu, na katika upepo wa chumvi wa visiwani zinki hiyo ndiyo inayoliwa kwanza, chuma kikasalimika kwa muda. Kopo la betri kavu ya tochi ya kawaida ni la zinki. Katika somo la Kemia wamekwisha kuona vipande vya zinki vikitoa hidrojeni ndani ya asidi. Na wengi watasema kwamba wamekiona kile kidonge kidogo kinachoyeyushwa katika kijiko cha maji, anachopewa mtoto mwenye kuharisha pamoja na maji ya chumvi na sukari.

Majibu haya yaandikwe ubaoni katika safu mbili bila ya kuelezwa sababu: bati, betri na vipande vya maabara upande mmoja, kidonge upande wa pili. Kisha wanafunzi waulizwe safu hizo zinatofautiana kwa nini. Jibu linalotakiwa ni kwamba zinki ya bati ni metali, ilhali zinki ya kidonge na ya mwilini ni ayoni, yaani atomi iliyopoteza elektroni zake mbili za nje. Tofauti hii isirukwe. Darasa lililoielewa halitakuwa na mtu wa kudhani kwamba kulamba bati ni tiba.

Papo hapo mwalimu ataje tofauti ya zinki na chuma, maana itahitajika baadaye. Chuma kina tabia ya kutoa na kupokea elektroni. Huweza kuwa na chaji mbili au tatu, na katika kubadilika huko huzaa kemikali kali zinazoweza kuiunguza seli. Zinki mwilini haibadiliki namna hiyo. Chaji yake ni mbili siku zote. Kwa hivyo seli inaweza kuihamisha huku na huko pasi na hofu ya moto, na hiyo ni sifa njema kwa anayetaka kuwa mjumbe.

Baada ya hapo mwalimu apime gramu 2 za karafuu kavu katika mizani ya maabara na kuzimimina juu ya karatasi nyeupe mbele ya darasa. Mwili mzima wa mtu mzima una zinki ipatayo gramu 2 hadi 3, na sehemu kubwa ya hiyo imo katika misuli na mifupa. Wanafunzi waliozoea kuona karafuu kwa magunia hushangaa wakiona mwili mzima unatosheka na kirundo kile. Mshangao huo usipotezwe kwa maelezo marefu. Karatasi ibaki juu ya meza mpaka mwisho wa kipindi.

Kutoka fundi mpaka mjumbe

Elimu ya zinki ilikua kwa hatua, na ni vyema mwanafunzi azipitie kwa mfuatano huo, kwa sababu kila hatua ilijibu swali lililoachwa na ile ya kabla yake. Mwaka 1869 Jules Raulin, Mfaransa, alionyesha kwamba aina fulani ya ukungu mweusi haikui vizuri bila ya zinki. Mwaka 1940 Keilin na Mann, huko Uingereza, walionyesha kwamba zinki imo ndani ya kimeng'enya cha damu kinachoshughulikia kaboni dayoksaidi. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 Ananda Prasad na wenzake, kwanza Iran na kisha Misri, walieleza habari za vijana waliodumaa na kuchelewa kubaleghe kwa sababu ya upungufu wa zinki katika chakula chao cha mikate na nafaka. Na mwaka 1985 Aaron Klug na wenzake wa Cambridge, wakichunguza protini ya mayai ya chura wa Afrika mwenye kucha, walitambua kwamba ayoni ya zinki huushika mkunjo wa protini ukasimama kama kidole, na kwa kidole hicho protini hiyo hushika mahali maalumu katika nyuzi za urithi. Leo inakadiriwa kwamba protini moja katika kila kumi za binadamu ina mahali pa kushikia zinki.

Mpaka hapa zinki ni fundi, au pengine ni msumari: imefungwa mahali pake inafanya kazi yake. Hapo ndipo vitabu vingi vya skuli hukomea, na hapo ndipo somo letu linapoanza hasa.

Swali la kuwauliza wanafunzi ni hili: katika zinki yote iliyomo ndani ya seli, ni kiasi gani kilicho huru, kisichoshikwa na protini yoyote? Wapewe nafasi ya kukisia. Wengi watasema nusu, au robo. Ukweli ni kwamba kilicho huru ni sehemu moja katika laki kadhaa, na pengine moja katika milioni. Mwalimu anyooshe kidole kwenye zile karafuu na kuwaambia wajaribu kukata sehemu ya milioni ya kirundo kile. Hata vumbi linalobaki kwenye karatasi ni kubwa mno.

Seli haikuachia jambo hili litokee lenyewe. Inayo milango ya protini ya namna mbili katika tando zake: kuna jamaa ya milango 14 inayoingiza zinki katika ute wa seli, iitwayo ZIP, na kuna jamaa ya milango 10 inayoitoa ute huo, ama kuipeleka nje ama kuifungia ndani ya vifuko, iitwayo ZnT. Aidha inayo protini ndogo, metalothionini, iliyogunduliwa mwaka 1957 katika figo ya farasi, ambayo hukamata zinki iliyozidi na kuiachia inapotakiwa. Mwanafunzi makini atauliza: taabu yote hii ya nini? Kama zinki ina faida, kwa nini seli ifanye bidii hivi kuhakikisha kwamba iliyo huru karibu haipo?

Jaribio la sarafu

Swali hilo lisijibiwe kwa maneno. Mwalimu aliambie darasa lote lizungumze kwa sauti, kila mtu na jirani yake, na wakati huo yeye, akiwa nyuma ya darasa, aangushe sarafu sakafuni. Aulize nani amesikia. Kisha aamrishe kimya kamili, na aiangushe sarafu ile ile kutoka kimo kile kile. Safari hii wote watageuka.

Sarafu haikubadilika, wala kishindo chake. Kilichobadilika ni ukimya. Seli huweka zinki huru katika kiwango cha ukimya ili ongezeko dogo liwe habari. Kama zinki ingekuwa imejaa kila mahali, kuongezeka kwake kusingemwambia yeyote lolote, kama vile mpagazi anayeshinda ghalani asivyonusa karafuu moja zaidi. Wazee wetu waliitumia kanuni hii bila ya maabara: mbiu ya mgambo ikilia watu hujua kuna jambo, kwa sababu hailii kila siku.

Mwalimu asisitize hapa tofauti ya mjumbe na ishara, kwani ndiyo roho ya somo. Mjumbe ni zinki. Ishara ni badiliko la kiasi chake, mahali fulani, kwa muda fulani. Habari haimo ndani ya ayoni. Ayoni ya zinki iliyoshikwa na kidole cha protini na ayoni iliyofunguliwa sasa hivi kutoka ghalani ni ayoni za namna moja. Ya kwanza haisemi kitu, ya pili inasema.

Hata hivyo mfano wa mbiu una upungufu wake, nao utajwe. Mbiu husikiwa na mji mzima, ilhali zinki iliyofunguliwa hukamatwa upesi na protini za karibu, kwa hivyo husikiwa na majirani tu. Pia mpiga mbiu anajua anachokitangaza. Zinki haijui kitu. Mwanafunzi anayeandika katika mtihani kwamba zinki "huamua" au "hutaka" amepotoshwa na mfano, na aliyempotosha ni mwalimu asiyeutaja mpaka wake.

Mifano minne ya zinki ikipeleka habari

Wanafunzi wa sekondari wamekwisha kusikia kwamba homoni hufika kwenye utando wa seli na kuushika kipokezi chake. Kinachofuata ndani ni kazi ya mjumbe wa pili. Fikra hiyo ilitokana na kazi ya Earl Sutherland wa Marekani, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971, na mjumbe aliyemtambua ni molekuli iitwayo AMP ya duara. Baadaye ilionekana kwamba ayoni za kalsiamu nazo hufanya kazi hiyo. Zinki ilingoja zamu yake mpaka mwaka 2007, pale watafiti wa Japani walipochunguza seli za kinga zinazohusika na mizio, zile zinazomfanya mtu apige chafya au avimbe ngozi. Waliona kwamba dakika chache baada ya kipokezi kuguswa, zinki humwagika ndani ya seli kutoka katika ghala la utando lililo karibu na kiini, mfano wa wimbi. Waliliita hivyo hivyo, wimbi la zinki. Mwaka 2012 Kathryn Taylor wa Cardiff na wenzake walieleza jinsi mlango mmoja wa ghala hilo, ZIP7, unavyofunguliwa: kimeng'enya maalumu huubandika fosfeti, nao huachia zinki ipite.

Zinki ikishafunguliwa hufanya nini? Mojawapo ya kazi zake ni kuvizuia vimeng'enya vinavyoondoa fosfeti kwenye protini. Darasani jambo hili lielezwe kwa ubao. Mwanafunzi mmoja anaandika ubaoni, mwingine anamfuata akifuta. Maandishi hayadumu. Mwanafunzi wa tatu, ambaye ndiye zinki, anamshika mkono mfutaji. Hakuandika hata neno, lakini maandishi sasa yanasomeka. Ndivyo zinki inavyorefusha maisha ya ishara iliyoanzishwa na mwingine.

Mfano wa pili ni wa ubongo. Katika baadhi ya neva zinki huwekwa ndani ya vifuko vidogo kwenye ncha ya neva na humwagwa pamoja na kemikali inayopeleka habari. Ikifika ng'ambo hupunguza au hurekebisha ukali wa habari hiyo. Mfano wa tatu ni kongosho, ambako insulini hupangwa na zinki ndani ya vifuko, molekuli sita za insulini kwa ayoni mbili za zinki, na zote hutoka pamoja. Mifano hii miwili itajwe tu, muda hautoshi.

Mfano wa nne ndio unaopendwa zaidi na wanafunzi, na kwa maoni yangu ndio unaofundisha zaidi. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walieleza kwamba yai la panya linaporutubishwa hurusha nje zinki kwa mabilioni ya ayoni katika muda mfupi, na chini ya darubini yenye rangi za kung'aa jambo hilo huonekana kama cheche. Mwaka 2016 walionyesha kwamba mayai ya binadamu hufanya vivyo hivyo yanapoamshwa. Yai lililopevuka hukaa limesimama likiwa na zinki nyingi, na kuondoka kwa zinki ni sehemu ya amri ya kuendelea na mgawanyiko. Hapa ishara ni kupungua. Mwanafunzi aliyedhani kwamba zaidi ni bora siku zote hapati pa kukimbilia.

Utumbo, na kile kidonge

Sasa darasa lirudi kwenye safu ya pili ya ubao. Mtoto anayeharisha hupoteza maji na chumvi, na pamoja nazo hupoteza zinki. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa ushauri wa pamoja kwamba mtoto mwenye kuharisha apewe, pamoja na maji ya chumvi na sukari, zinki miligramu 20 kwa siku kwa muda wa siku 10 hadi 14; na aliye chini ya miezi sita apewe miligramu 10.

Kwa nini kidonge hicho husaidia? Jibu halijakamilika, na mwalimu asilikamilishe kwa kubuni. Linalofahamika kutokana na majaribio ya maabara ni kwamba seli za utando wa utumbo zina kipokezi kinachoitambua zinki iliyo nje yao, kiitwacho GPR39, na kwamba kuguswa kwake husaidia seli hizo kushikana sawasawa ili maji yasipenye ovyo. Tena zinki huzuia njia fulani za potasiamu katika seli hizo, na kwa kuzuia njia hizo hupunguza umwagaji wa chumvi, ambayo maji huifuata. Njia hizo hufunguliwa na ile AMP ya duara ya Sutherland, ambayo sumu ya kipindupindu huiongeza kupita kiasi. Kwa hivyo ndani ya utumbo wa mtoto mmoja, mjumbe mmoja humpinga mwingine. Juu ya hayo, zinki huhitajiwa kwa ajili ya kuota seli mpya na kwa kinga ya mwili, jambo linaloturudisha kwa fundi wa mwanzo.

Kiasi nacho kina habari yake. Katika utafiti uliofanywa India na Tanzania na kutangazwa mwaka 2020, watoto 4,500 wenye kuharisha walipewa miligramu 20, au 10, au 5 kwa siku. Viwango vidogo havikuonekana kuwa duni kuliko kile kikubwa katika kufupisha maradhi, na waliopewa kidogo walitapika kidogo. Mwalimu si daktari, wala somo hili halimpi ruhusa ya kubadilisha dozi ya mtu. Lakini takwimu hizo zinafaa sana kuwekwa mbele ya darasa lililofanya jaribio la sarafu.

Utafiti wa Pemba, na namna ya kuusoma

Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyopo Wawi, Chake Chake, ilifunguliwa mwaka 2000. Kuanzia mwaka 2002 watafiti, miongoni mwao Sunil Sazawal na Robert Black wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins pamoja na wenzao wa Zanzibar, waliwagawa watoto wadogo wa Pemba kwa kura katika makundi. Wengine walipewa kila siku chuma na asidi ya foliki, wengine chuma na asidi ya foliki pamoja na zinki, wengine zinki peke yake, na wengine kidonge kisicho na dawa. Wakati huo malaria ilikuwa nyingi sana kisiwani.

Tarehe 19 Agosti 2003 sehemu ya chuma ilisimamishwa kabla ya wakati, kwa shauri la kamati iliyokuwa ikiangalia usalama wa watoto. Matokeo yalitangazwa mwaka 2006. Katika watoto 24,076, wale waliopewa chuma, pamoja na zinki au bila ya zinki, walikuwa na uwezekano uliozidi kwa asilimia 12 wa kufariki au kulazwa hospitalini kwa maradhi makali. Hata hivyo miongoni mwa watoto waliochunguzwa damu, wale waliokuwa kweli na upungufu wa chuma walionekana kunufaika. Kitu kile kile, kiasi kile kile; tofauti ilikuwa hali ya mwili uliokipokea.

Sehemu ya zinki iliendelea, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2007. Watoto 42,546 wa umri wa mwezi 1 hadi 48 walihusika. Vifo katika kundi la zinki vilikuwa pungufu kwa asilimia 7. Hapa ndipo mwalimu anapohitaji uangalifu mkubwa, kwa sababu watafiti walieleza pia kwamba ukweli wenyewe ungeweza kuwa popote kati ya pungufu ya asilimia 19 na ziada ya asilimia 6. Kwa watoto waliotimiza mwaka mmoja upungufu wa vifo ulikuwa asilimia 18, karibu na mpaka wa kinachoweza kutokea kwa bahati. Kwa walio chini ya mwaka mmoja faida haikuonekana.

Mwanafunzi ataielewaje habari ya "popote kati ya"? Kila mmoja arushe sarafu mara 20 na ahesabu vichwa. Hakuna asiyejua kwamba hesabu inayotarajiwa ni 10, lakini ubao utajaa 7, 12, 9, 13, 8. Hakuna sarafu iliyoharibika. Kisha darasa zima lijumlishe, na watajionea hesabu ikisogea karibu na nusu. Baada ya zoezi hili mwalimu aulize: kama kundi moja lina vifo pungufu kwa asilimia 7, tunajuaje kwamba si mchezo wa sarafu? Zoezi hili huchukua robo ya saa, nalo lina thamani kuliko kurasa tano za maelezo.

Kwa maoni yangu, kuna njia mbili za kuufundisha utafiti huu vibaya. Ya kwanza ni kusema kwamba Pemba ilithibitisha kuwa zinki huokoa watoto. Hayo si maneno ya takwimu. Ya pili ni kusema kwamba zinki haina maana. Wanaosema hivyo wanachanganya zinki ya kila siku kwa mtoto mzima wa afya na zinki kwa mtoto anayeharisha, ambayo ni habari nyingine yenye ushahidi wake. Mwalimu pia asilazimishe uhusiano usiokuwapo: wimbi la zinki la mwaka 2007 halielezi kwa nini asilimia ilikuwa 7. Linachotusaidia ni kutufanya tusishangae kwamba mwili wenye milango 24 ya kurekebisha zinki haulipi faida mpya kwa kila miligramu inayoongezwa.

Somo hili lifundishwe kwa adabu. Watoto waliokuwa katika utafiti ule sasa ni watu wazima wa miaka ishirini na kitu. Wengine yumkini wamo katika vyuo vya ualimu, na wengine ni kaka na dada wa wanafunzi walioketi mbele yetu. Asilimia zinazoandikwa ubaoni ni za watoto waliofariki, na baadhi yao walizikwa katika vijiji ambamo wanafunzi hao hukaa. Malaria, kwa neema ya vyandarua na dawa mpya, imepungua mno Zanzibar tangu wakati huo. Hilo nalo litajwe, ili mwanafunzi asidhani kwamba hali ya mwaka 2003 ndiyo ya leo.

Chakula na lugha

Kuhusu chakula maneno ni machache. Chaza, nyama na dagaa huwa na zinki inayofyonzwa kwa urahisi. Nafaka na kunde zina zinki pia, lakini zina fitati, kemikali inayoishika zinki tumboni isifyonzwe. Kuroweka, kuchachua na kuotesha kimea hupunguza fitati. Muhogo una zinki kidogo tu, kwa hivyo anayekula muhogo atazame kitoweo chake. Zinki iliyozidi sana kwa muda mrefu huzuia kufyonzwa kwa shaba, na hilo likumbushwe kwa wanaopenda vidonge.

Kuhusu lugha, wengi wetu hufundisha somo hili kwa Kiingereza katika sekondari. Nashauri jaribio la sarafu, mchezo wa ubao na tofauti ya mjumbe na ishara vifanywe kwanza kwa Kiswahili, kisha istilahi za mtihani ziletwe juu ya fikra iliyokwisha kusimama. Katika Kiswahili neno "ishara" lisitumiwe kwa zinki yenyewe, wala "mjumbe" kwa badiliko lake. Mwalimu akiyachanganya maneno haya mawili kwa siku moja, wanafunzi watayachanganya kwa mwaka mzima.

Maswali ya kupimia

Maswali mawili yanatosha. La kwanza: "Seli A ina zinki nyingi iliyoshikwa na protini na haina badiliko lolote. Seli B ina zinki kidogo kuliko A, lakini sasa hivi zinki yake huru imepanda mara kumi kwa dakika tatu. Katika seli ipi kuna habari inayopelekwa? Eleza." Anayejibu B kwa sababu ya badiliko apewe alama zote, anayejibu B bila ya sababu apewe alama moja, anayejibu A kwa sababu "ina nyingi" arudishwe kwenye sarafu na ukimya.

La pili: "Jirani yako amesikia kwamba zinki ni nzuri na anataka kumpa mtoto wake mwenye afya vidonge viwili kila siku. Ukitumia utafiti wa Pemba na unayoyajua kuhusu seli, utamwambia nini?" Swali hili halina jibu moja. Mwalimu atazame kama mwanafunzi ametaja asilimia 7 pamoja na mipaka yake, kama ametenganisha mtoto mwenye afya na mtoto anayeharisha, na kama amemwelekeza jirani kituo cha afya. Aliyetaja mawili kati ya matatu hayo amefaulu.